Pini Nyeupe

Jumanne, 7 Aprili

Basi nilikuwa nasema jana, kabla birika halijafurika na kuzima jiko, kwamba watu wanaokuja karakana kutuchungulia wanadhani mwenye kazi pale ni injini. Ni kwa sababu inapiga kelele. Hata kwenye ukoo, mwenye kelele ndiye watu hudhani mwenye nyumba. Mimi najua, maana kwetu mwenye kelele ni mimi, na nyumba si yangu.

Mwalimu wa darasa la jioni kasema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usisahau herufi. Andikeni kama mnavyosema, kasema. Maskini, hajui alichojitakia.

Kazi yangu ni beseni. Liko mlangoni pa karakana, nusu mafuta ya taa, na kila chuma kinachotoka kwenye boti ya mashindano kinapita mikononi mwangu kuoshwa kabla hakijafika mezani kwa fundi. Fundi ni mdogo wangu, aliyenifuata. Dereva wa boti ni shemeji, mume wa mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda. Wote tunakaa ua mmoja. Boti ni ya tajiri fulani ambaye humwoni ila Jumapili za mashindano, na viatu ambavyo havijawahi kukutana na matope.

Fundi na shemeji walianza kazi pamoja kabla shemeji hajamtia Kitinda machoni. Mmoja nchi kavu, mmoja majini. Mmoja akipiga chafya, mwingine anafuta pua.

Leo nimeosha mguu. Mguu ni kile chuma kirefu kinachoshuka nyuma ya boti mpaka kwenye panga linalokata maji, na ndani yake zimo giya. Panga na mguu vinashikwa na pini moja, nene kama penseli, ya shaba, ya njano. Fundi anazikata mwenyewe. Nikamwambia, we mtu, injini yote ile yenye nguvu za shetani unaifunga kwa kitu laini kama ahadi ya mwanamume? Akacheka. Akasema boti ikiruka juu ya wimbi panga linakuta hewa, linazunguka kichaa. Ikitua, maji yanalikamata ghafla. Ni kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anadhani zimeisha, kumbe bado moja. Yule goti linamlia. Kwenye boti inalia giya.

"Lazima kitu kife, Dada," akasema. "Afadhali afe huyu wa njano."

Na dawa ya kwanza, kasema, ni mkono wa dereva: boti ikiwa hewani achia mafuta, ikishika maji rudisha taratibu. Shemeji mkono wake mzito kuachia. Hilo sikuandika mimi, kaandika kalamu.


Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Chai vikombe vitatu, mimi na hao wawili. Hakuna la kusema, na mimi kukosa la kusema ni ugonjwa.


Jumapili, 12 Aprili

Mashindano ya kwanza. Ziwa limejaa mpaka limelamba ngazi za gati.

Karakana yetu ina desturi: fundi hafungi pini. Siku ya mashindano dereva anaifunga mwenyewe, asubuhi, kwa mkono wake, na fundi anageuka kando. Fundi kasema anayekwenda kuhatarisha roho ndiye anayefunga, na anayekaa nchi kavu ndiye anayeamini. Wengine hula kiapo, sisi tunafunga pini.

Shemeji kaanza vizuri. Kaongoza. Kisha mzunguko wa pili akaruka juu ya mkondo wa mawimbi ya boti iliyompita, mafuta kajaza vilevile, akatua, injini ikalia kilio cha bure, boti ikasimama. Pini imekufa. Wakamvuta kwa kamba kama mbuzi aliyetoroka.

Mimi nilikuwa na mama wa soda wa pale gatini na jopo lake lote. Wakaniuliza huyo siyo shemeji yako? Nikasema ndiye, na ukimtuma chumvi huyo utakula bila chumvi, maana anafika nusu njia. Bwana Nusunjia. Mama wa soda kacheka mpaka kamwaga soda ya mteja. Tulicheka jamani. Mbavu zinauma mpaka saa hii.


Jumatatu, 13 Aprili

Nimeosha giya. Zimetoka safi, meno yote mahali pake. Fundi kafurahi utadhani kashinda. Kaifunga ile pini iliyokatika kwa uzi, kaitundika kwenye msumari ukutani. Pale kuna zaidi ya ishirini. Kasema kila moja ni mguu mmoja uliopona. Shemeji kaziangalia kama mtu anayeangalia picha zake mbaya.


Jumapili, 19 Aprili

Pini tena. Nusu njia tena. Safari hii, boti ilipovutwa kupita gati, watu wameimba: "Nusunjia, Nusunjia!" Hata wauza karanga. Hata mtu mzima mmoja mwenye koti, ambaye kwa sura ungedhani ni hakimu.

Nikajisikia kama mtu aliyetunga wimbo. Sasa hivi naandika na bado natabasamu, ingawa shemeji alipopanda ngazi hakunitazama, alitazama viatu vyake.


Alhamisi, 23 Aprili

Kitinda kaenda dukani kununua mkate. Muuzaji kamwuliza, eti mama Nusunjia, nikukatie nusu? Kaacha mkate pale pale. Karudi, kakaa jikoni, kamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevitaka. Mimi siku zote nilisema huyu mtoto tulimdekeza, neno dogo linamvunja. Nikamwambia, dunia ndivyo ilivyo, mdogo wangu, watu midomo yao haina milango.

Kaniangalia muda mrefu. Akasema, "Ni kweli, Dada. Haina."


Jumapili, 26 Aprili

Mvua kubwa, mashindano yameahirishwa. Chai vikombe vitatu. Fundi na shemeji wamebishana juu ya pini. Shemeji anataka ya chuma kigumu. Fundi kamwambia kibovu ni mkono wake, siyo pini, na afanye mazoezi ya kuachia. Hakusema kwa ubaya. Lakini kuna maneno yanatoka pamba na kuingia miiba.

Moyoni nilisema fundi naye mkaidi. Mwenzake anazomewa, yeye anatundika pini ukutani kama medali.


Jumamosi, 2 Mei

Leo nina kitu na siwezi kumwambia mtu. Ninyi mnaonijua mtajua ninavyoteseka.

Asubuhi nilikuwa kwenye beseni, nikamwona shemeji nyuma ya boti akijaribisha pini kwenye tundu lake. Jua likaipiga. Haikuwa ya njano. Ilikuwa nyeupe, inang'aa. Baadaye kaniambia kaenda kwa mkereza vyuma wa nyuma ya soko, kachongewa kutoka shina la vavu la injini ya lori. Kitu kilichozoea kupigwa na moto, hicho hakifi leo wala kesho.

Nikafungua mdomo. Akaja haraka, akapiga magoti mbele ya beseni langu, palipomwagika mafuta, mtu mzima vile.

"Shemeji," akasema, "jina lile najua lilikotoka. Sikukuuliza na sikuulizi. Lakini nakudai kimya. Hili moja nisitiri."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe alijua! Na alikuwa anakunywa chai yangu kila siku, anasema asante.

Nikamwambia nimesikia. Na nimejivunia, lazima niseme ukweli. Nimesema moyoni, wanaoniita redio leo wangeniona. Siri ya kwanza maishani mwangu na nimeishika kama yai.


Jumapili, 3 Mei

TUMESHINDA. Wa kwanza. Boti iliruka, ikatua, ikaruka, ikatua, haikusimama. Gati lote lilitikisika. Mama wa soda kanikumbatia. Hakuna aliyesema Nusunjia.

Fundi kaingia majini mpaka magotini kuipokea boti. Kamshika shemeji mabega yote mawili, akasema mbele ya watu wote, na tajiri akiwepo, kwamba leo ameona udereva. Kwamba pini imetoka nzima kwa sababu mkono umejifunza kuachia hewani. "Miaka yote namwambia," akasema, "leo kanifanya nilale vizuri."

Shemeji alicheka kwa meno tu. Kabla fundi hajafika nyuma ya boti, shemeji alishachomoa nyeupe na kuweka njano mpya.

Mimi nilikuwa karibu. Nikapiga vigelegele kwa nguvu kuliko wote, ili nisisikie ninachofikiri.


Jumatano, 6 Mei

Chai vitatu. Fundi anaimba akifanya kazi. Shemeji kamaliza chai haraka, kaondoka.


Jumapili, 10 Mei

Wa pili. Pini nzima. Fundi kasema sasa hata wakimletea dereva kutoka ng'ambo hampokei.

Nilipoosha giya nikaona jino moja lina mstari mwembamba, kama unywele. Nikasugua nikidhani ni uchafu. Haukutoka. Fundi alikuwa anapatana na tajiri nje. Nikaiweka giya mezani, upande ule wenye mstari ukiangalia chini. Sikukusudia. Au nilikusudia. Ningemwonyesha angeuliza maswali, na swali la kwanza lingefika kwenye pini.


Jumatatu, 18 Mei

Jana sikuandika. Leo naandika, mwalimu atasema herufi zimelewa.

Kulikuwa na upepo tangu asubuhi, ziwa limejikunja kama shuka la mgonjwa. Shemeji kafunga pini yake, fundi kageuka kando kama desturi, mimi nimeinama kwenye beseni lisilo na kitu. Watatu sisi, mmoja tu hakujua, na ndiye mwenye haki kuliko wote ya kujua.

Mzunguko wa tatu walikuwa wawili mbele, bega kwa bega. Shemeji akataka kupita kwa ndani. Mkondo wa mawimbi ya boti ile nyingine ukamnyanyua, boti ikapaa yote, nikaona tumbo lake jeupe na panga nyuma likimeta hewani. Injini ikalia ule mlio mwembamba, wa juu kabisa. Pembeni yangu fundi akasema polepole, kama anaongea na mtoto aliyelala, "Achia. Achia, ndugu yangu. Achia."

Hakuachia. Kwa nini aachie? Wiki zote hizi hakuachia na akasifiwa kwa kuachia.

Pini ikifa haina makuu, inasema tik, basi. Jana ilikuwa kama mtu kaangusha kabati la vyombo chini ya maji. Maji yalikamata panga, panga likakamata mguu, na hakukuwa na wa kufa katikati. Giya zikakwama. Boti iliyokuwa inakimbia kuliko gari ikapiga goti, ikageuka ubavu, na shemeji akatoka ndani yake kama unavyotupa maji ya kuoshea vyombo.

Fundi hakusubiri waokoaji. Aliruka kutoka gati na viatu na kila kitu. Sikujua mdogo wangu anaogelea vile. Alimfikia, akamshikilia kichwa juu ya maji mpaka boti ya uokoaji ilipofika, na walipotaka kumpokea ikabidi wamfungue vidole.

Yu hai. Bega la kulia limevunjika, na daktari kasema mishipa ya mkono imevutika kama kamba iliyokatwa upande. Kitinda kakaa naye. Sikupewa nafasi ya kukaa.

Leo asubuhi fundi kafungua mguu. Hakuniita, kaja mwenyewe na sinia, kamwaga vyote kwenye beseni langu. Nikaanza kuosha maana sijui kufanya kingine. Meno ya giya yakawa yanaelea kwenye mafuta, naokota moja moja chini ya beseni kama mtu anayechambua mchele. Ekseli imejipinda. Kikombe cha beringi kimepasuka vipande. Na katikati yao ikatokea pini, nyeupe, imenyooka, haina hata mkwaruzo. Wote wamekufa, yeye mzima.

Fundi akaitoa kwenye mafuta, akaifuta kwa shati lake, akaiweka kiganjani mwangu.

"Dada, hii umewahi kuiona?"

Ningeweza kusema hapana. Mimi nimesema uongo kwa mambo madogo zaidi ya hapo, hata kwa ajili ya sukari.

"Niliiona."

"Lini?"

"Kabla hajashinda."

Alikaa kwenye kigoda changu. Nje watu wanapita, wanachungulia, kwa mara ya kwanza sikutaka mtu asimame.

"Wewe," akasema. "Watu wote duniani, wewe ndiye ulinyamaza."

"Aliniomba."

"Paka wa jirani akizaa unatutangazia."

"Najua."

Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Aliinuka, akasema kitu kimoja tu, uso kaelekeza kwenye ule ukuta wa pini.

"Nilimsifu mbele za watu. Mwenzangu akasimama pale akalibeba zigo lile peke yake."

Mimi nilidhani atasema amedanganywa. Kumbe kilichomuuma ni mwenzake.


Jumatano, 20 Mei

Chai vikombe viwili.


Ijumaa, 22 Mei

Nimekwenda hospitali. Shemeji alikuwa macho. Nilipoingia akageukia ukuta, taratibu, kwa sababu ya bega. Nikakaa, nikaongea habari za mvua, habari za mama wa soda, nikajisikia kama injini iliyo hewani, nazunguka sana na sishiki kitu. Nikanyamaza.

Kitinda akanisindikiza mpaka lango. Akasema alijua tangu siku ileile kwamba jina lilitoka kwangu, mama wa soda alimwambia. Alikuwa anasubiri mimi mwenyewe nimwambie. Siku ya mkate alisubiri. Alinipa mlango wazi kabisa, nami nikamhubiria juu ya midomo ya watu.

Nilimwita mtoto wa kudekezwa. Huyu mtoto amebeba mambo makubwa kuliko mimi, na hajaangusha hata moja mguuni pa mtu.

Nimemwomba radhi. Kasema kasikia. Hakusema amesamehe, na sikudai.


Jumamosi, 30 Mei

Tajiri kaja na lori, kachukua boti. Hakugombana na mtu. Kasema anaipeleka kwa mafundi wengine, na kwamba boti yake si chombo cha kujifunzia. Gurudumu la mwisho lilipotoka uani, karakana ikawa kubwa ghafla. Sikujua ilikuwa na mwangwi.

Fundi hajaenda hospitali. Nilidhani ni hasira. Jioni nikamsikia akisema peke yake, nilipaswa kutazama. Desturi ile aliianzisha mwenyewe na sasa inamtafuna.


Jumanne, 2 Juni

Viwili.


Ijumaa, 5 Juni

Shemeji karudishwa nyumbani. Daktari kasema mkono wa kulia hautapanda juu ya bega, na kushika usukani wa kasi asahau. Yuko chumbani. Fundi akipita uani anaangalia chini, shemeji akimwona dirishani anavuta pazia. Hatua chache tu baina yao, na hakuna anayezipiga. Kitinda anapeleka chakula huku na kule kama karani wa mahakama mbili.

Maji ya ziwa yameanza kushuka. Visiki vinatoa vichwa.


Jumanne, 9 Juni

Leo nimejaribiwa vibaya. Ningeweza kumwendea shemeji nikamwambia fundi analia kwa ajili yako, kisha nikamwendea fundi nikamwambia shemeji anaomba radhi kwa machozi. Yote ya kutunga, matamu, yangewapatanisha kabla ya chai. Zamani ningefanya hivyo na kujisifu. Lakini nilimwona mtu akitupwa majini, na huko mwanzo kabisa lilikuwepo neno langu la kuchekesha.

Basi nimemfanyia shemeji kitu kidogo tu. Nimempelekea uji, nikaweka mezani, nikasema neno moja la kweli na sikuongeza chumvi.

"Fundi bado anakata pini."

 Safari hii hakugeukia ukuta.

Na ni kweli, anakata. Boti haipo, mashindano kwetu yameisha, yeye kila siku anafunga fimbo ya shaba kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, na kukata pini, anazipanga mezani. Sijamwuliza za nini. Nafikiri mikono yake haijui kukaa.


Alhamisi, 11 Juni

Viwili. Shemeji kafungua pazia.


Jumapili, 14 Juni

Hii ingekuwa Jumapili ya fainali. Nimekaa na daftari hapa penye beseni, halina mafuta wala chuma, nalipangusa tu.

Natamani ningekuwa nimeyapanga vinginevyo. Niliropoka palipohitaji kimya, nikanyamaza palipohitaji kuropoka, na yote mawili niliyafanya nikiwa nafurahi. Mtu akikosea kwa hasira angalau ana kisingizio. Mimi nilikuwa nacheka. Nimesikia watoto wa jirani leo wakichezea chombo cha plastiki kwenye dimbwi, kikizama wanasema kimekuwa Nusunjia. Wala hawajui ni nani. Jina litabaki hata sisi tukiondoka.

Ngoja. Shemeji kaingia karakana.

Kasimama mlangoni kwanza, mkono wa kulia kwenye kitambaa shingoni. Hakunisalimia, hakumsalimia fundi. Fundi hakugeuka. Shemeji kaenda ukutani, kaziangalia zile pini zilizotundikwa, kagusa moja. Sasa kavuta kiti mpaka mezani. Kachukua fimbo ya shaba na msumeno kwa mkono wa kushoto. Hakutumia jiriwa maana fundi anaitumia, kaibana fimbo kwa goti. Inateleza. Kajaribu tena, inateleza. Fundi kaacha kupiga tupa. Anasikiliza, katugeuzia mgongo. Na mimi hapa sipumui, sisemi, naandika tu, jamani shaba imeanguka chini tena, inabingirika kuelekea kwa fundi, fundi kaiona, kaiokota, kamrudishia mkononi, wala hawajatazamana, na sasa fundi ndiye anayeniita:

"Dada, weka hilo daftari. Njoo umshikie shemeji yako chuma, kabla hajajikata na mkono uliobaki."